Foleni Mbili za Petersburg: Kisa cha Kiti cha John Mercer Langston

Jumanne, tarehe 6 Novemba 1888, wapiga kura wa Petersburg katika jimbo la Virginia walifika vituoni na kukuta wamepangwa foleni mbili. Moja ya Wazungu, nyingine ya Weusi. Ya kwanza ilisogea. Ya pili ilisogea kwa kusuasua, mtu mmoja mmoja, na kila mmoja akiulizwa hili na lile, huku jua likipanda hadi likaanza kushuka. Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani yalikuwa na umri wa miaka 18, na yalisema wazi kwamba mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi yake. Kwa hiyo haikuhitajika kumfukuza mtu. Ilitosha kumngojesha.

Jina lililokuwa midomoni mwa wengi waliosimama kwenye ile foleni ya pili lilikuwa la wakili mwenye umri wa miaka 58, John Mercer Langston. Wengi wetu tunalijua jina la Langston kupitia mshairi Langston Hughes, ambaye babu yake mzaa mama, Charles, alikuwa kaka wa wakili huyu. Lakini wakili mwenyewe hatajwi sana, hata huko kwao. Nimekichagua kisa chake kimoja tu, cha kiti cha ubunge alichokigombea mwaka 1888 na kukikalia mwaka 1890, kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho hadithi nyingi za wizi wa kura hukipita haraka: muda unaweza kuibwa kama kura, na mwizi wake ni vigumu zaidi kumkamata. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika kisa hiki kungoja hakukuwa ajali wala uzembe. Kulikuwa ndiyo mbinu yenyewe.

Mtu mwenyewe

Kesi ya uchaguzi haieleweki bila kumjua mlalamikaji, kwa hiyo nianze naye.

Langston alizaliwa tarehe 14 Desemba 1829 katika kaunti ya Louisa, Virginia. Baba yake, Ralph Quarles, alikuwa Mzungu mwenye shamba na watumwa. Mama yake, Lucy Jane Langston, alikuwa na asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Marekani. Quarles alikuwa amemwacha huru mwaka 1806, ndiyo maana mtoto alizaliwa muungwana. Wazazi wote wawili walifariki mwaka 1834. Baba aliwaachia watoto wake mali, na John mdogo akapelekwa Ohio, mji wa Chillicothe, kulelewa na rafiki wa baba yake aitwaye William Gooch.

Miaka michache baadaye Gooch aliamua kuhamia Missouri, jimbo la utumwa, na kumchukua kijana. Kaka wa kambo wa John, William, alikwenda mahakamani kuzuia safari hiyo, kwa hoja kwamba huko uhuru wa mtoto na urithi wake vingekuwa hatarini. Mahakama ilimkubalia. Mtoto akabaki Ohio. Naona umuhimu mkubwa hapa: kabla hajajua kusoma sheria, huyu mtu alikuwa ameokolewa na hati ya mahakama. Maisha yake yote yaliyofuata ni ya mtu anayeamini kwamba karatasi iliyoandikwa vizuri na kufikishwa mbele ya chombo chenye mamlaka inaweza kuushinda ubabe.

Alisoma Oberlin, chuo cha Ohio kilichopokea Weusi na wanawake wakati vyuo vingi havikuthubutu, akamaliza mwaka 1849, kisha akasoma teolojia hapohapo hadi 1852. Shule mbili za sheria zilimkataa kwa rangi yake. Katika mojawapo, huko Ballston, jimbo la New York, alidokezwa kwamba angeweza kupokelewa kama angejifanya Mhispania au Mfaransa kutoka ng'ambo. Akakataa. Akajifunza sheria ofisini kwa Philemon Bliss, wakili wa Elyria, na Septemba 1854 akasajiliwa kuwa wakili wa Ohio. Hata mlango huo ulifunguliwa kwa namna ya kuumiza: sheria ya Ohio ilimhesabu mtu mwenye zaidi ya nusu ya damu ya Kizungu kuwa na haki za Mzungu, na Langston alipita kwa kipimo hicho. Aliingia kwenye taaluma yake kwa hesabu ya rangi ya ngozi, si kwa ujuzi wake peke yake. Hakuisahau hesabu hiyo.

Mwaka 1855 wananchi wa Brownhelm, Ohio, walimchagua kuwa karani wa mji wao, akawa miongoni mwa Wamarekani Weusi wa kwanza kabisa kupewa cheo kwa kura. Mwaka 1862 alimtetea Edmonia Lewis, mwanafunzi wa Oberlin aliyetuhumiwa kuwatilia sumu wenzake wawili wa Kizungu kwenye kinywaji, na ambaye alikuwa amepigwa na kuachwa shambani kwenye baridi kabla kesi haijasikilizwa. Langston hakupoteza nguvu kulia na mahakama. Alishikilia jambo moja: hakuna aliyethibitisha kwamba sumu ilikuwapo mwilini mwa hao wasichana. Bila sumu hakuna kosa la kutia sumu. Mshtakiwa akaachiwa, na baadaye akawa mchongaji sanamu maarufu huko Roma.

Nitapita haraka mambo ambayo peke yake yangetosha makala: kusajili askari Weusi wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, ukaguzi wa shule za watu waliotoka utumwani, kuanzisha idara ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard na kuwa mkuu wake wa kwanza, ubalozi nchini Haiti kuanzia 1877 hadi 1885. Ila Haiti ilizaa kesi moja ambayo siwezi kuiruka. Sheria iliweka mshahara wake kuwa dola 7,500 kwa mwaka. Miaka ya mwisho Bunge lilitenga dola 5,000 tu. Langston akaishtaki serikali ya nchi yake, na mwaka 1886 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji John Marshall Harlan, ikasema kwamba kutenga fedha pungufu hakufuti sheria inayotaja mshahara. Akashinda. Huyu ndiye mtu ambaye miaka miwili baadaye chama cha Democratic cha Virginia, wakati ule chama cha Wazungu wengi wa Kusini, kilidhani kitamwibia kura naye atakwenda kulala.

Vita vya panzi

Mwaka 1885 Langston alirudi Virginia kuongoza chuo cha Weusi cha Petersburg. Wademokrati walipoishika bodi ya chuo, aliondoka mwishoni mwa 1887. Hakuondoka mjini. Petersburg ilikuwa kitovu cha Wilaya ya Nne ya uchaguzi, ambako wakazi wengi walikuwa Weusi, na ambako chama cha Republican kilikuwa kikishinda kwa kura zao. Lakini hakuna Mweusi aliyewahi kupelekwa bungeni na wilaya hiyo, wala na Virginia yote.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa ndani ya chama. Warepublikani wa Virginia walikuwa mkononi mwa William Mahone, mjenzi wa reli na jenerali wa zamani wa jeshi la Kusini, upande uliopigania utumwa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Wazungu wa Petersburg walimwita shujaa wa vita ya Crater, ya Julai 1864, ambamo askari Weusi wengi waliuawa nje kidogo ya mji huohuo. Ajabu ya historia ni kwamba Mahone huyohuyo, kwenye miaka ya 1880, aliongoza muungano wa Wazungu na Weusi uliotoa shule, kufuta kodi ya kura na kuanzisha kile chuo alichokuja kukiongoza Langston. Sitaki kumpaka masizi matupu. Aliwafaa Weusi kama wapiga kura. Kama wagombea wa ngazi ya taifa hakuwataka.

Langston alipotangaza nia, Mahone alikipanga chama dhidi yake na kumsimamisha Mzungu, Jaji R. W. Arnold. Pigo jingine lilitoka mahali pasipotegemewa: Frederick Douglass, Mmarekani Mweusi aliyeheshimiwa kuliko wote wakati huo, aliandika barua kuupinga ugombea wa Langston, na kambi ya Mahone ikaitumia. Wawili hao walikuwa na ushindani wa miaka mingi. Douglass aliogopa mgawanyiko wa chama katika mwaka wa uchaguzi wa rais. Hofu yake ilikuwa na mantiki. Lakini mantiki hiyo ilimtaka Mweusi asubiri zamu yake, kwa mara nyingine tena, katika wilaya ambayo kura nyingi zilikuwa za Weusi. Langston akagombea kama Mrepublikani huru.

Matokeo rasmi yalikuwa haya: Edward C. Venable wa Democratic kura 13,298, Langston 12,657, Arnold 3,207. Ukizijumlisha kura za Warepublikani wawili unapata 15,864, yaani 2,566 zaidi ya Venable. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Wachambuzi wengi huishia hapo, nami naona wanakosea. Ni kweli mgawanyiko ulimleta Venable karibu na kiti. Lakini hesabu ya Arnold isingemsaidia Langston kitu mbele ya chombo chochote cha kisheria. Mwenzako kukugawia kura si kosa. Alichohitaji kuthibitisha ni kwamba tofauti ya kura 641 kati yake na Venable haikuwa ya kweli. Mwanasheria aliyeuliza sumu iko wapi kwenye kesi ya Edmonia Lewis sasa alikuwa upande wa pili wa swali lilelile: yeye ndiye aliyepaswa kuionyesha sumu.

Jinsi kura ilivyoweza kupotea

Kura ya Virginia mwaka 1888 haikuwa ya siri. Serikali haikuchapisha karatasi ya kura yenye majina yote. Kila chama au mgombea alichapisha vikaratasi vyake, mawakala wakavigawa nje ya kituo, na mpiga kura akaingia nacho mkononi na kumpa msimamizi, aliyekitumbukiza sandukuni. Mtu asiyejua kusoma alitegemea kukipokea kwa mtu anayemwamini. Waliosimama karibu waliona kila mmoja kashika cha nani.

Mfumo huo ulikuwa na mianya mitatu. Wa kwanza ni mlangoni: wasimamizi, ambao walikuwa Wademokrati, walitenga foleni na kuirefusha ya Weusi. Muda wa kufunga kituo ukifika, aliye nje anabaki nje, na hakuna rekodi inayoonyesha kwamba alikuja. Wa pili ni sandukuni, kati ya kutumbukiza na kuhesabu. Langston alidai kwamba masanduku yalitolewa kura zake. Wa tatu ni kwenye kujumlisha na kupeleka matokeo.

Mwanya wa kwanza ndio unaonishughulisha. Kura iliyotolewa sandukuni imewahi kuwapo. Kuna mtu anaweza kuapa kwamba aliipiga, na ukikusanya viapo vya kutosha kutoka kituo kimoja, idadi ya viapo ikizidi idadi iliyotangazwa, umemnasa mwizi. Lakini kura ya mtu aliyesimama tangu asubuhi, kisha akageuka kwenda nyumbani kwa sababu miguu imechoka au bosi anamsubiri, haijawahi kuzaliwa. Hakuna wa kumlaumu. Msimamizi atasema watu walikuwa wengi. Ndiyo maana nasema mwizi wa muda ni mgumu kumkamata kuliko mwizi wa kura, na ndiyo maana ushahidi kuhusu zile foleni mbili ulikuwa na uzito: ulionyesha kwamba ucheleweshaji ulipangwa kwa rangi, na kilichopangwa hakiwezi kuitwa msongamano.

Kesi isiyokwenda mahakamani

Msomaji wa Kenya au Tanzania, aliyezoea kesi za ubunge kupelekwa Mahakama Kuu, atashangaa kwamba kesi ya Langston haikumfikia jaji yeyote. Ibara ya kwanza ya Katiba ya Marekani, kifungu cha 5, inasema kila baraza la Bunge ndilo mwamuzi wa uchaguzi wa wajumbe wake. Baraza la Wawakilishi lilikuwa mahakama, na wabunge walikuwa majaji.

Utaratibu wenyewe uliwekwa na sheria ya mwaka 1851 na marekebisho yake. Mlalamikaji alikuwa na siku 30 baada ya matokeo kutangazwa kumpa mshindani wake taarifa ya maandishi yenye sababu. Mjibu naye alikuwa na siku 30 za kujibu. Kisha zikaja siku 90 za ushahidi: 40 za mlalamikaji, 40 za mjibu, na 10 za mlalamikaji kujibu yaliyosemwa. Ushahidi ulichukuliwa hukohuko wilayani, mbele ya afisa wa eneo, mawakili wa pande zote wakihoji, kila neno likiandikwa, na yote yakapelekwa Washington kuchapishwa.

Kwenye karatasi utaratibu huu unavutia. Fikiria sasa maana yake kwa shahidi. Ni mfanyakazi Mweusi wa kiwanda cha tumbaku au mkulima wa shamba la kukodi. Anatakiwa asimame mji uleule anakoishi, mbele ya wakili wa Venable, ataje jina lake na aape kwamba alimpigia Langston. Kesho yake anarudi kazini kwa mwajiri ambaye huenda alimpigia Venable. Mashahidi walijitokeza hata hivyo. Bila wao hakuna kisa cha kusimulia, na ni haki kusema kwamba ushindi huu ulikuwa wao kabla haujawa wa mtu mwenye koti zuri na digrii mbili.

Bunge la 51 lilianza muhula wake tarehe 4 Machi 1889, lakini kwa desturi ya wakati ule halikukutana hadi tarehe 2 Desemba. Venable aliingia na cheti chake, akaapa, akakaa. Kamati ya Uchaguzi ilikuwa na kesi nyingi mezani, nyingi zikitoka Kusini, na ya Langston ilingojea zamu. Juni 1890 wengi wa wajumbe wa kamati walikubaliana kwamba Langston ndiye aliyechaguliwa. Miezi 19 ilikuwa imepita tangu siku ya kura.

Ukumbi unaotoka watu

Kilichobaki kilikuwa Baraza zima kupiga kura, na hapa ndipo foleni ya Petersburg ilipohamia Washington.

Ili Baraza lifanye uamuzi linahitaji akidi, yaani zaidi ya nusu ya wajumbe. Warepublikani walikuwa na wingi mwembamba. Wakiugua au kusafiri wachache, hawafikishi akidi peke yao. Kwa miaka mingi wachache bungeni walikuwa na hila rahisi: mbunge anakaa kitini, anasikia jina lake likiitwa, ananyamaza. Yupo mwilini, hayupo kwenye daftari. Akidi inavunjika, shughuli inakufa.

Spika Thomas B. Reed wa Maine aliivunja hila hiyo tarehe 29 Januari 1890, na aliivunja katika kesi nyingine ya uchaguzi, ya kutoka West Virginia. Majina yalipoitwa na Wademokrati wakanyamaza, Reed alianza kuwataja mmoja mmoja na kumwagiza karani awaandike kuwa wapo. Ukumbi ulilipuka kwa kelele. James McCreary wa Kentucky alisimama kupinga haki ya Spika kumhesabu. Reed akajibu kwamba yeye anaeleza tu ukweli kwamba mheshimiwa wa Kentucky yupo, je, anakana?

Baada ya hapo kunyamaza hakukufaa tena. Kama hutaki kuhesabiwa, ondoka ukumbini kwa miguu yako. Ndivyo Wademokrati walivyofanya kesi ya Langston ilipoletwa. Wakati Warepublikani hawajatimia, wapinzani walitoka, na mjadala ukakwama. Uliletwa tena, ukakwama tena. Kiangazi kikapita. Uchaguzi mwingine ulikuwa ukisogea, wa Novemba 1890, na kila siku iliyopotea ilikuwa siku iliyokatwa kwenye muhula wa Langston na kuongezwa kwenye wa Venable.

Tarehe 23 Septemba 1890 Warepublikani walikusanya watu wa kutosha. Kura zilikuwa 151 za kumpa Langston kiti, moja ya kumnyima. Wademokrati karibu wote walikuwa nje. Langston akaapishwa siku hiyohiyo. Siku iliyofuata Mweusi mwingine, Thomas E. Miller wa South Carolina, aliapishwa baada ya kesi ya namna hiyohiyo.

Je, hiyo ilikuwa haki au ubabe wa chama? Swali ni la halali, na sipendi wasimulizi wanaolikwepa kwa kumpenda Langston. Kura ya 151 kwa 1 katika ukumbi uliotokwa na nusu ya watu haifanani na hukumu. Waamuzi walikuwa na maslahi: kila kiti kiliwapa Warepublikani nafasi ya kupumua. Wangekuwa Wademokrati ndio wengi, sina shaka Langston angeshindwa kwa ushahidi uleule. Lakini hilo halifanyi ushahidi kuwa wa uongo. Foleni zilitenganishwa. Mashahidi waliapa. Maslahi ya chama na ukweli wa jambo viliangukia upande mmoja, na kwa Mweusi wa Virginia mwaka 1890 ukweli peke yake usingefika popote. Ulihitaji mtu mwingine mwenye sababu zake za kuubeba. Langston alilielewa hilo, na sioni aibu yoyote ndani yake kwa upande wake. Aibu ni ya mfumo uliomlazimisha kungoja hadi haki yake imfae mtu mwingine.

Siku mia

Tuhesabu alichopata. Muhula wa miezi 24. Venable alikaa miezi 18 na zaidi. Langston alibakiwa na miezi mitano na siku chache, hadi tarehe 3 Machi 1891. Na katika hiyo, kikao cha kwanza kilifungwa tarehe 1 Oktoba, siku nane tu baada ya kuapishwa. Kikao cha pili kilianza tarehe 1 Desemba. Ukijumlisha siku ambazo Baraza lilikuwa kwenye kikao akiwa mjumbe, unapata kama siku mia moja, Jumapili na sikukuu za Krismasi zikiwamo.

Ilimbidi arudi Petersburg mara moja kugombea tena. Wiki chache za kampeni, chama kilekile kilichogawanyika, wasimamizi wa aina ileile. Novemba 1890 alishindwa na James F. Epes wa Democratic. Kwa hiyo aliporudi ukumbini Desemba, alirudi kama mtu ambaye tayari amekwisha kuondolewa.

Alizitumia siku zake. Aliwekwa kwenye Kamati ya Elimu. Alipendekeza chuo cha taifa cha ufundi kwa Wamarekani Weusi. Januari 1891 alilihutubia Baraza akidai wapiga kura walindwe. Wakati huohuo Seneti ilikuwa ikiuzika muswada wa kusimamia uchaguzi wa taifa, ambao Baraza lilikuwa limeupitisha Julai 1890 kwa kura 155 dhidi ya 149. Uliuawa kwa mbinu tunayoijua sasa: kuongea na kuchelewesha hadi muda uishe.

Pendekezo lake moja linanisumbua hadi leo. Alitaka Katiba irekebishwe ili kila mpiga kura wa uchaguzi wa taifa ajue kusoma na kuandika, na idadi ya viti vya kila jimbo ifuate idadi ya watu wanaopiga kura kweli. Mtu aliyeibiwa kura za watu wengi wasiojua kusoma, anapendekeza wasiojua kusoma wasipige kura? Ukikaa na hoja yake unaona alikolenga. Kipimo kiwe kimoja kwa Mzungu na Mweusi, na jimbo linalowazuia watu lipoteze viti. Nusu ya pili ilikuwa kali na ya busara: Kusini ilikuwa ikiwahesabu Weusi ili kupata viti, kisha ikiwazuia kupiga kura. Lakini nusu ya kwanza ilikuwa kosa, na nadhani lilitokana na imani yake ya utotoni kwamba sheria iliyoandikwa kwa usawa itatumiwa kwa usawa. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama Petersburg akitazama sheria sawa ikigawanywa kwenye foleni mbili.

Baada yake

Langston alistaafu Washington, akachapisha kumbukumbu za maisha yake mwaka 1894, na kufariki tarehe 15 Novemba 1897.

Mwaka huohuo wa 1894 Virginia ilibadili sheria ya kura. Vikaratasi vya vyama viliondolewa, serikali ikachapisha karatasi moja yenye majina ya wagombea, bila jina la chama. Mpiga kura hakuweka alama kwa anayemtaka. Alipaswa kuwafuta asiowataka, kwa mstari unaopita robo tatu ya jina. Alipewa dakika mbili na nusu kibandani. Waliongojeshwa nje saa nyingi mwaka 1888 sasa walihimizwa watoke ndani upesi.

Katiba mpya ya Virginia ilifuata mwaka 1902, ikiwa na kodi ya kura na mtihani wa kuifafanua Katiba mbele ya msajili, ambaye ndiye aliyeamua kama jibu linatosha. Ilitangazwa kuwa sheria bila wananchi kuipigia kura. Mweusi wa pili kuiwakilisha Virginia katika Baraza la Wawakilishi, Bobby Scott, aliapishwa Januari 1993, miaka 101 na miezi 10 baada ya Langston kutoka.